Kinga ya Majeraha ya Michezo: Namna ya Kuufikisha Utafiti Kwenye Viwanja vya Vumbi vya Dodoma

Katika Kanda ya Kati, msimu wa michezo hufuata msimu wa mavuno. Mtama, uwele na alizeti vikishaingia ghalani, vijana hupata nafasi, mashindano ya mitaa na kata huanza, na mnamo Juni shule hukusanya wanafunzi kwa ajili ya UMITASHUMTA na UMISSETA. Wakati huohuo ardhi imekwisha kukauka. Mvua ya Dodoma hunyesha kwa msimu mmoja tu, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi, na kwa wastani haifiki milimita 600 kwa mwaka. Miezi inayobaki, uwanja usio na nyasi huwa mgumu kama sakafu, wenye changarawe juu yake na miba ya migunga pembeni. Wachezaji wengi wa ridhaa, kwa hiyo, hucheza kwa nguvu zaidi katika miezi ambayo uwanja ni mgumu zaidi, tena baada ya miezi kadhaa ya kilimo ambayo miili yao ilizoea jembe, si kukimbia kwa kasi, kuruka na kugeuka ghafla. Nchini Australia, watafiti wa mpira wa nchi hiyo walikwisha kuhusisha ardhi kavu na ngumu na kuongezeka kwa majeraha ya goti.

Majeraha yenyewe hayana ugeni. Kifundo cha mguu huteguka, msuli wa nyuma ya paja huchanika mchezaji anapofukuzia mpira, goti hupinda wakati wa kutua, mtoto huanguka akitanguliza mkono na kuvunjika, vichwa hugongana wakati wa kuwania mpira wa kona. Mchezaji wa klabu ya ligi kuu ana daktari wa timu na mshahara unaoendelea. Mchezaji wa mchangani huenda ni dereva wa bodaboda, kibarua wa ujenzi au mkulima, na goti lililopoteza ligamenti yake mtambuka ya mbele humnyima kipato kwa miezi mingi. Upasuaji wa kuiunda upya ligamenti hiyo hufanyika katika hospitali kubwa chache, na mazoezi tiba baada yake kwa kawaida huchukua miezi 9 au zaidi. Kwa mtu wa namna hiyo, kinga ndiyo tiba pekee anayoweza kuimudu.

Elimu ya kinga hiyo ipo. Mwaka 1992, Willem van Mechelen na wenzake wa Uholanzi walipendekeza hatua nne ambazo watafiti wamezifuata tangu wakati huo: kujua ukubwa wa tatizo, kutambua chanzo na namna jeraha linavyotokea, kuweka kinga, kisha kupima upya ili kuona kama kinga hiyo imefaa. Kwa kufuata njia hiyo, wataalamu wa FIFA wakishirikiana na wenzao wa Norway na Marekani walitengeneza mwaka 2006 mpango wa kupasha mwili moto unaoitwa 11+. Jaribio lake kubwa la kwanza lilifanyika nchini Norway kwa wasichana 1,892 wenye umri wa miaka 13 hadi 17, na matokeo yalichapishwa mwaka 2008. Timu zilizotumia mpango zilipata majeraha pungufu kwa takriban theluthi moja, na majeraha makubwa yalipungua karibu nusu. Ni haki kuongeza kwamba kipimo kikuu ambacho watafiti walikuwa wamekichagua tangu mwanzo, yaani majeraha ya miguu, kilielekea upande huohuo lakini hakikufikia kiwango cha uhakika wa kitakwimu. Ushahidi wa baadaye ndio ulioondoa shaka.

Sehemu ya ushahidi huo imetoka Afrika, nayo inapaswa kufahamika zaidi kuliko ilivyo. Mjini Lagos, Nigeria, timu 20 za ligi ya vijana zenye wachezaji 416 wa miaka 14 hadi 19 ziligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi mawili. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionyesha kwamba kundi la 11+ lilipata majeraha pungufu kwa asilimia 41, na majeraha ya miguu pungufu kwa asilimia 48. Jirani kabisa na Tanzania, jaribio la Rwanda kwa klabu za daraja la pili, lililochapishwa mwaka 2021, nalo lilikuta wachezaji walioumia katika timu zilizotumia mpango ni wachache kwa kiasi kikubwa kuliko katika timu nyingine. Hoja kwamba haya ni mambo ya Wazungu wenye viwanja vya nyasi haina mashiko tena.

Kwa nini basi mtu akipita saa kumi na moja jioni kwenye viwanja vya Nkuhungu, Chang'ombe au Kizota huona timu nyingi zikianza kwa mizunguko miwili ya kukimbia, kunyoosha miguu kidogo, kisha kupiga mashuti golini?

Swali hilo liliwekwa wazi na Caroline Finch wa Australia mwaka 2006. Aliongeza hatua mbili juu ya zile nne za van Mechelen: kuelewa mazingira ambamo kinga itatumika, na kupima kinga hiyo katika mazingira halisi badala ya yale ya majaribio. Alisema kwa ufupi kwamba kinga isiyokubaliwa na kutumiwa na wachezaji, makocha na vyama vya michezo haizuii jeraha lolote, hata ikiwa imethibitishwa namna gani katika maabara.

Hesabu ndogo ya kubuni inatosha kulionyesha jambo hili. Tuseme wilaya ina timu 40. Mpango kamili unaopunguza majeraha kwa theluthi moja unatangazwa, timu 10 zinaukubali, na nusu yake tu ndizo zinazoufanya inavyotakiwa. Timu tano kati ya 40 zimenufaika, na katika wilaya nzima majeraha yamepungua kwa asilimia 4 hivi. Sasa tuseme unatolewa mpango mfupi, wenye nguvu kidogo, unaopunguza majeraha kwa moja ya tano tu, lakini timu 30 zinaufanya. Wilaya inapata upungufu wa asilimia 15. Mtaalamu anayeshikilia kwamba mpango ufanywe wote au uachwe wote huwa ameuchagua ule wa asilimia 4, bila shaka kwa nia njema.

Mpango wa 11+ wenyewe huchukua dakika 20 na una mazoezi 15 katika sehemu tatu. Ya kwanza, dakika 8, ni kukimbia polepole kwa kuzungusha nyonga, kukimbia kwa wawili wawili na kugusana mabega. Ya pili, dakika 10, ni mazoezi ya nguvu na mizani: kujiegemeza kwenye viwiko mwili ukiwa umenyooka, kujiegemeza kwa ubavu, kupiga magoti na kuinama mbele taratibu huku mwenzako ameshika vifundo vya miguu, kusimama kwa mguu mmoja, kuchuchumaa, na kuruka. Ya tatu, dakika 2, ni kukimbia kwa kasi na kugeuka. Mazoezi hufanywa angalau mara mbili kwa wiki. Siku ya mechi hufanywa sehemu ya kwanza na ya tatu tu.

Kikwazo cha kwanza cha hapa kwetu ni ardhi. Hakuna kijana atakayeweka viwiko na magoti kwenye changarawe na miba kwa hiari yake. Timu yenye magunia manne ya katani au mikeka chakavu huweza kupokezana, na isiyo nayo inaweza kuwaachia wachezaji mazoezi ya chini wayafanye nyumbani, kila mmoja kwenye mkeka wake. Kikwazo cha pili ni muda. Wachezaji huja mmoja mmoja baada ya kazi, jua la Dodoma huzama upesi, na dakika 20 za mazoezi yasiyo na mpira huonekana kama wizi. Utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 2019 una jibu la manufaa: timu zilizohamishia sehemu ya pili mwishoni mwa mazoezi ziliufuata mpango kwa uaminifu zaidi, na uzito wa majeraha yao, kwa maana ya siku zilizopotea, ukapungua. Hakuna sababu ya timu ya Makole au ya Bahi kutofanya hivyo.

Yako mambo, hata hivyo, ambayo hayafai kupunguzwa. La kwanza ni lile zoezi la kupiga magoti na kuinama mbele. Tafiti zilizojumuishwa pamoja zinaonyesha kwamba timu zinazolifanya hupata majeraha ya msuli wa nyuma ya paja kwa karibu nusu ya yale ya timu nyingine. Huanza kwa kurudia mara 3 hadi 5 tu, kwa sababu mwanzoni huacha misuli ikiuma kwa siku mbili, na kocha asipoonya mapema wachezaji hulikimbia. La pili ni namna ya kutua na kugeuka. Goti lisiingie ndani. Mchezaji atue kwa upole, goti likiwa limekunjwa na kuelekea vidole vya mguu. Kocha asiyejua jina la ligamenti hata moja anaweza kuliona goti linaloingia ndani akiwa umbali wa mita kumi, na kulirekebisha kwa maneno mawili.

Jambo hili la goti linawahusu wasichana kwa namna ya pekee. Hatari ya kuchanika kwa ligamenti mtambuka ya mbele kwa wanawake wanaocheza mpira ni kubwa mara mbili au zaidi kuliko kwa wanaume. Katika shule za sekondari za Dodoma na Singida wasichana wengi hucheza mpira wa pete, na sheria ya mchezo huo humtaka mchezaji anayedaka mpira asimame papo hapo bila kupiga hatua kwa mguu aliotua nao. Kwenye udongo uliofagiliwa, wenye mchanga mwepesi juu ya ardhi ngumu, mguu mmoja huteleza au kukwama wakati mwili wote bado unakwenda mbele. Nchini Sweden, jaribio lililohusisha wachezaji wa soka wa kike 4,564 wa miaka 12 hadi 17, lililochapishwa mwaka 2012, liliona majeraha ya ligamenti hiyo yakipungua kwa asilimia 64 kwa mazoezi ya dakika 15, mara mbili kwa wiki, yasiyohitaji kifaa chochote isipokuwa mpira. New Zealand wana mpango wa mpira wa pete uliojengwa juu ya misingi hiyohiyo. Mwalimu wa michezo anayeandaa timu ya UMISSETA kwa wiki tatu tu kabla ya mashindano amechelewa; mazoezi ya namna hii huhitaji wiki nane hadi kumi ili yajenge mwili, kwa hiyo yafaa yaanze Machi, mvua ikingali inanyesha na uwanja ukiwa laini.

Wanafunzi wa shule za msingi wana mpango wao, kwa kuwa mwili wa mtoto si mwili wa mtu mzima uliopunguzwa ukubwa. Jaribio la nchi nne za Ulaya kwa watoto wa miaka 7 hadi 13, lililochapishwa mwaka 2018, lilipata upungufu wa majeraha wa asilimia 48. Mpango huo una mazoezi ya kuanguka kwa kubiringika, ambayo kwenye uwanja wa Dodoma yafanyiwe kwenye mchanga au yaachwe.

Nani ayafundishe haya yote? Wataalamu wa fiziotherapia ni wachache, nao wengi wako mijini. Utafiti wa Kanada wa mwaka 2013 unatia moyo hapa. Timu zilizoachiwa maelezo ya tovuti peke yake zilifanya mazoezi kwa uaminifu mdogo kuliko timu ambazo makocha wao walihudhuria semina kabla ya msimu, na kumwongeza mtaalamu wa fiziotherapia uwanjani baada ya semina hiyo hakukuongeza mafanikio. Fedha kidogo zilizopo, basi, zielekezwe kwa kocha. Uswisi walifanya hivyo kuanzia mwaka 2004 kwa mpango uliotangulia 11+, wakiuingiza katika kozi za lazima za makocha kwa ushirikiano wa chama cha soka na shirika la bima ya ajali. Miaka minne baadaye, asilimia 80 ya makocha waliufahamu na asilimia 57 waliutumia wote au sehemu yake kubwa. Timu zao zilikuwa na majeraha ya mechi pungufu kwa asilimia 11.5 na ya mazoezi pungufu kwa asilimia 25.3. Takwimu hizi ni ndogo kuliko zile za majaribio, nazo ni za nchi nzima.

Dodoma ina njia zake za kumfikia kocha: afisa michezo wa halmashauri, mwalimu wa michezo wa shule, chama cha soka cha wilaya kinachoandaa ligi ya daraja la chini, na mhudumu wa afya ngazi ya jamii anayejulikana mtaani. Waandaaji wa mashindano wana nguvu ambayo haijatumika. Anayepanga ratiba ya kombe la kata anaweza kuweka katika kanuni kwamba kila timu ifike dakika 25 kabla ya kipyenga na ipashe misuli kwa utaratibu, na kwamba magoli ya kuhamishika yafungwe chini kwa vigingi. Goli la chuma lisilofungwa linaweza kumwangukia mtoto anayeninginia juu yake na kumuua.

Kuna kikwazo kingine kisichohusu ardhi wala muda. Jamii huheshimu mchezaji anayevumilia maumivu, na Watanzania wana sababu ya kihistoria ya kufanya hivyo. John Stephen Akhwari, mzaliwa wa Mbulu, alianguka na kuumia goti katika mbio za marathoni za Olimpiki mjini Mexico mwaka 1968, akaendelea, na kumaliza wa mwisho kati ya wakimbiaji 57 waliofika, zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Heshima aliyoipata ni haki yake. Kinachosahaulika ni kwamba miaka miwili baadaye, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh, alimaliza marathoni akiwa wa tano. Simulizi ya goti lililofungwa bandeji husimuliwa kila mwaka. Ile ya mwili uliopona na kurudi kushindana haisimuliwi, ingawa ndiyo inayomfaa zaidi kijana anayeomba achomwe diklofenaki kwenye duka la dawa ili acheze fainali ya kesho.

Wahudumu wa zahanati na vituo vya afya wana nafasi yao katika kinga, kwa sababu dalili kuu ya jeraha lijalo ni jeraha lililopita ambalo halikupona vizuri. Tuchukue kifundo kilichoteguka. Swali la kwanza ni kama mgonjwa anahitaji picha ya eksirei, ambayo huenda iko kilomita nyingi kutoka Mpwapwa vijijini au Manyoni. Kanuni za Ottawa, zilizotolewa nchini Kanada mwaka 1992, hujibu kwa mikono mitupu. Picha inahitajika iwapo mgonjwa anaumia mfupa unapobonyezwa kwenye ncha au ukingo wa nyuma wa nundu ya nje au ya ndani ya kifundo, katika sentimita 6 za mwisho, au iwapo hakuweza kupiga hatua nne mara baada ya kuumia na bado hawezi anapochunguzwa. Kwenye unyayo, hubonyezwa pia shina la mfupa wa kidole kidogo na mfupa wa navikula upande wa ndani. Asiye na dalili hizi ni nadra sana kuwa na mvunjiko wa maana. Kanuni hizi zisitumike kwa aliyelewa, wala kwa mwenye ganzi ya miguu kama ile ya kisukari.

Kwa siku mbili tatu za mwanzo, kifundo kipumzishwe, kifungwe bandeji, kiinuliwe, na barafu iliyofungwa kwenye kitambaa iwekwe kwa dakika 15 hadi 20 ili kupunguza maumivu. Barafu ya mfuko wa plastiki inayouzwa dukani inatosha. Kukanda kwa maji ya moto na kuchua kwa nguvu katika siku hizo huongeza uvimbe na damu kuvilia. Wakandaji wanaaminiwa mitaani kuliko zahanati, na kuwakejeli hakumsaidii mgonjwa. Yafaa waombwe wasubiri siku tatu, na mfupa ulioinama upelekwe hospitali moja kwa moja. Baada ya hapo mgonjwa aanze kukanyagia mguu kadiri maumivu yanavyoruhusu, kisha asimame kwa mguu huo mmoja kila siku, kwanza macho yakiwa wazi, baadaye akidaka mpira. Mazoezi hayo ya mizani ndiyo yanayozuia kifundo kuteguka tena, nayo ndiyo huachwa mara uvimbe unapoisha. Arudi uwanjani anapoweza kuruka kwa mguu ulioumia sawasawa na mzima, kukimbia kwa kasi na kugeuka bila maumivu wala woga.

Kichwa hakina masharti hayo ya majaribio. Mchezaji aliyegongwa akachanganyikiwa, akayumba, akasahau matokeo ya mechi au akaumwa kichwa ana mtikisiko wa ubongo hata kama hakuzimia, na hachezi tena siku hiyo. Akitapika mara kwa mara, akipata degedege, usingizi mzito au udhaifu wa mkono au mguu, apelekwe hospitali bila kusubiri. Kurudi kwake ni kwa hatua, kila hatua ikichukua angalau saa 24. Na kidonda cha mwiba au changarawe, kwenye viwanja ambavyo asubuhi ni njia ya mbuzi na ng'ombe, kioshwe kwa maji safi na sabuni, na chanjo ya pepopunda iulizwe. Wanaume wengi walichanjwa mara ya mwisho wakiwa wachanga.

Hatua ya kwanza ya van Mechelen ingali inadai. Daftari la wagonjwa wa nje huandika jeraha, lakini kwa kawaida halionyeshi kwamba lilipatikana uwanjani, hivyo wilaya haiwezi kusema kama kinga yake imefaa. Kaunta buku moja kwa kila timu ingeanza kazi hiyo: tarehe, umri na jinsi ya aliyeumia, sehemu ya mwili, mechi au mazoezi, hali ya uwanja, siku alizokosa, na kama timu ilipasha misuli siku hiyo. Ili idadi ya majeraha iwe na maana, ukurasa wa mwisho uandikwe idadi ya mazoezi na mechi zilizochezwa, na wachezaji wangapi walihudhuria kila siku. Mhudumu wa afya wa mtaa akikaa na kocha kwa nusu saa kila mwezi wanaweza kuujaza na kuusoma pamoja, kuanzia ligi ya Juni hadi mvua ya kwanza ya Desemba.